Jicho la Pili Liko Ng'ambo: Utafiti wa Pamoja katika Chuo Kikuu cha Malta

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Muhula huu palitokea ubishi katika Chama chetu cha Sayansi. Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu alidai kwamba utafiti mkubwa ni kazi ya mataifa makubwa yenye fedha nyingi, na kwamba nchi ndogo haina la kufanya ila kungoja na kusoma yaliyoandikwa na wengine. Wengi walimpigia makofi. Mimi sikukubaliana naye, na kwa kuwa kengele ililia kabla sijapata nafasi ya kusema, naomba nieleze humu gazetini habari za chuo kikuu kimoja cha kisiwani ambacho nimekuwa nikifuatilia kazi zake, nacho ni Chuo Kikuu cha Malta.

Malta ni nchi ya visiwa katikati ya bahari ya Mediterania, kama kilomita 90 kusini ya kisiwa cha Sicily cha Italia. Visiwa vyenye watu ni vitatu: Malta yenyewe, Gozo, na Comino ambacho ni kidogo mno. Vyote pamoja vina kilomita za mraba 316 tu. Mimi ni mtu wa Mafia, na Mafia yetu, ambayo wenzangu wengi wa bara hawaioni vizuri katika ramani ya darasani, inaishinda nchi nzima ya Malta kwa ukubwa. Tofauti ni kwamba Malta imejaa watu zaidi ya nusu milioni, nayo ni taifa kamili lililopata uhuru kutoka kwa Waingereza tarehe 21 Septemba 1964. Lugha yao, Kimalta, ina asili ya Kiarabu, basi Mswahili akifungua kamusi yao hakosi kukutana na jamaa: bahari wao huiita baħar, kitabu ni ktieb, dunia ni dinja, na habari ni aħbar.

Chuo chao si kipya. Kilianza mwaka 1592 kama skuli ya mapadre Wajesuti, kikapewa daraja ya chuo kikuu mwaka 1769. Lakini umri haununui vyombo. Nchi ya ukubwa ule haiwezi peke yake kugharimia kila mtambo ambao wataalamu wake wanauhitaji.

Yafaa basi nieleze kwanza fedha zinatoka wapi, maana hapo ndipo ubishi wetu ulipoanzia. Tarehe 1 Mei 2004 Malta iliingia katika Umoja wa Ulaya. Nchi za Umoja huo huchanga katika mfuko mmoja, na sehemu ya mfuko huo hutengwa kwa utafiti. Mpango wa miaka hii, uitwao Horizon Europe, ni wa mwaka 2021 hadi 2027, nao ulitengewa Euro bilioni 95.5. Fedha hizo ni za watu. Mwashi wa Gozo akinunua mfuko wa saruji, na mfuga ng'ombe wa Denmark akilipa kodi yake, kidogo cha fedha zao huishia humo.

Chuo hakipewi fungu kwa sababu tu ni chuo. Hutangazwa shauri linalotakiwa kuchunguzwa, watu huandika maombi, na wataalamu wa nje huyapima na kuyatia alama kama sisi tunavyotiwa alama katika mtihani. Maombi mengi huanguka. Tena katika miradi ya pamoja ya mpango huo iko kanuni kwamba waombaji wawe angalau mashirika matatu kutoka nchi tatu mbalimbali. Figa moja haliinjiki chungu. Kanuni hiyo huwalazimisha wakubwa kutafuta wenzao, na mdogo mwenye kitu chake mkononi hutafutwa naye. Kadhalika, makala za matokeo lazima zitolewe wazi ili mtu yeyote apate kuzisoma bila malipo, jambo ambalo naliona la haki kabisa, maana mwenye mali hapaswi kulipishwa mara mbili.

Lakini kutafutwa ni jambo moja, na kutafutwa ufanye kazi gani ni jambo jingine. Mtu aweza kuitwa ili awe mwenzi, au aweza kuitwa ili awaonyeshe wageni njia na kuwabebea vikapu, kisha kitabu kikaandikwa mbali. Nitatoa mifano miwili.

Wa kwanza ni mradi ulioitwa FRAGSUS, wa mwaka 2013 hadi 2018, uliolipiwa na Baraza la Utafiti la Ulaya. Malta ina mahekalu ya mawe makubwa ya ajabu. Lile la Ġgantija huko Gozo lilijengwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, kabla ya mapiramidi ya Misri. Watafiti walitaka kujua watu wale waliwezaje kula na kujenga kwa karne nyingi juu ya kisiwa chenye udongo haba, na kwa nini mwishowe ustaarabu wao ulikoma. Walizamisha mabomba ardhini wakatoa udongo wa tabaka juu ya tabaka, wakahesabu kwa hadubini chavua za mimea ya kale, wakapima mifupa. Ilikuwa kazi ya maana. Chuo Kikuu cha Malta kilikuwa mshiriki, pamoja na Chuo Kikuu cha Cambridge na idara za Malta zinazotunza mambo ya kale. Hata hivyo kiongozi alikuwa Chuo Kikuu cha Queen's cha Belfast: mahekalu yalikuwa Malta na usukani ulikuwa Belfast. Tena Uingereza ilijitoa katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, na haikuunganishwa na mpango wa Horizon hadi mwaka 2024. Ushirikiano wa namna hii huenda kwa upepo wa siasa, na upepo hugeuka.

Mfano wa pili ndio ulionifanya nishike kalamu. Unaitwa CALYPSO, nao ulianzishwa chini ya mpango wa ushirikiano wa Italia na Malta wa mwaka 2007 hadi 2013. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka katika Umoja wa Ulaya, iliyobaki ikatolewa na nchi zenyewe. Hapa kiongozi alikuwa Chuo Kikuu cha Malta. Waliomfuata ni wengi: upande wa Malta, jeshi, idara ya usafiri na idara ya maafa, upande wa Sicily, idara ya mazingira ya kisiwa hicho, Baraza la Utafiti la Taifa la Italia, na Vyuo Vikuu vya Palermo na Catania, ambavyo vyote viwili ni vikubwa kuliko hicho cha Malta.

Kazi yenyewe ilikuwa kuujua mkondo wa bahari katika mlango ulio kati ya Malta na Sicily, saa kwa saa. Huenda msomaji akauliza faida yake ni nini. Malta haina mto hata mmoja. Zaidi ya nusu ya maji ya bomba huko ni maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi kwa mitambo. Na mbele ya visiwa hivyo hupita meli nyingi zilizopakia mafuta. Meli moja ikipasuka, lazima mtu aweze kusema mafuta yale yatafika wapi kabla ya magharibi, ama sivyo nchi nzima yaweza kufungiwa maji ya kunywa.

Jambo la pili ni watu. Kwetu mvuvi akichelewa kurudi, wazee huulizana kwanza: aliondoka maji yakijaa au yakikupwa? Ni bamvua au maji mafu? Upepo ni wa kusi au kaskazi? Hayo si maongezi ya kupitisha wakati. Ni hesabu ya mkondo inayofanywa kichwani, na chombo cha kutafuta hakiondoki mpaka hesabu hiyo imekwisha. Lakini Mediterania si kama bahari yetu. Huko maji hujaa na kupwa kidogo sana, pengine shibiri moja, basi hesabu ya mwezi haimsaidii mtu. Mkondo husukumwa na upepo, huzungukazunguka, na leo si kama jana. Hakuna mzee awezaye kuukisia kwa mwandamo, lazima upimwe.

Chukua penseli tufanye hesabu. Mtu ameanguka baharini, na mkondo unakwenda sentimita 30 kwa sekunde, ambao si mkali. Katika saa moja atakuwa amechukuliwa mita 1,080. Kama hatujui mkondo unaelekea wapi, tunapaswa kutafuta katika duara lote lenye nusu kipenyo cha kilomita 1.08, yaani kilomita za mraba 3.7 hivi. Baada ya saa sita nusu kipenyo ni kilomita 6.5, na eneo limekuwa kilomita za mraba 132, zaidi ya nusu ya kisiwa cha Malta chenyewe. Baada ya saa kumi na mbili ni kilomita za mraba 528 hivi, kubwa kuliko visiwa vyote vya Malta pamoja. Angalieni jinsi inavyokwenda: muda ukizidi mara mbili, eneo huzidi mara nne. Anayejua mwelekeo wa mkondo hukata sehemu kubwa ya duara lile na kupeleka chombo upande mmoja. Upepo nao husukuma, nakubali, kwa hiyo hesabu halisi ni ngumu kuliko hii ya kwangu. Lakini msingi wake ni huo.

Sasa nieleze mtambo, na wale wa darasa la Fizikia wasome taratibu. Zamani mkondo ulipimwa kwa kutupa boya au kusimamisha meli, ukapata habari za mahali pamoja tu. CALYPSO wanatumia rada zinazosimama pwani, hazigusi maji. Antena hutoa mawimbi ya redio ya megahezi 13.5. Gawanya kasi ya mwanga kwa idadi hiyo, utaona urefu wa wimbi la redio ni kama mita 22. Mawimbi hayo yakienda juu ya bahari hupiga mawimbi ya maji ya kila urefu, na karibu yote huyatawanya ovyo. Lakini mawimbi ya maji yenye urefu wa mita 11, nusu ya yale ya redio, hufanya jambo la pekee. Mwangwi unaorudi kutoka mgongo wa wimbi la pili umesafiri mita 11 zaidi kwenda na mita 11 zaidi kurudi, jumla 22, yaani wimbi moja zima. Kwa hiyo hufika ukiwa sawasawa na ule wa wimbi la kwanza, na wa tatu vivyo hivyo. Ni kama kwaya inayoimba kwa pamoja badala ya watu mia wanaopiga kelele kila mtu peke yake. Sauti hiyo moja husikika hata kutoka makumi ya kilomita. Jambo hili lilitambuliwa na Douglass Crombie wa New Zealand mwaka 1955.

Baadaye huja hesabu ya honi ya basi. Ninyi nyote mmesikia basi likija linapiga honi: sauti ni nyembamba, na likikupita huwa nene ghafla. Vivyo hivyo mwangwi wa redio hubadilika kadiri wimbi la maji linavyokuja au kwenda. Wimbi lenye urefu wa mita 11, maji yakiwa yametulia, lazima liende kama mita 4.1 kwa sekunde. Sheria za maumbile hazilipi ruhusa nyingine. Basi rada ikiona linakuja kwa mita 4.4, ile ziada ya sentimita 30 si ya wimbi. Ni bahari yenyewe inayotembea chini yake. Huo ndio mkondo.

Sasa ndipo tunapofika kwenye fundo la habari yangu. Rada moja huona mambo mawili tu: maji yanakuja kwake au yanamkimbia. Maji yanayopita mbele yake kutoka kushoto kwenda kulia hayabadilishi mwangwi hata kidogo, kama vile basi linalopita mbali likikukata mbele honi yake haigeuki. Rada moja, hata iwe ya thamani gani, haiwezi kukuambia mkondo unaelekea wapi. Panatakiwa jicho la pili linalotazama maji yale yale kwa pembe nyingine, kisha habari za macho mawili zinaunganishwa kwa mishale kama tunavyofanya katika jiometri. Na macho mawili yakikaa mahali pamoja hayasaidii, maana yote yataona kwa pembe ile ile.

Basi Malta ilisimamisha rada moja Ta' Barkat katika kisiwa cha Malta, ya pili Ta' Sopu katika Gozo, na ya tatu ikasimamishwa Pozzallo, ng'ambo, katika ardhi ya Sicily. Tangu mwaka 2012 zikaanza kutoa kila saa ramani ya mishale ya mkondo wa mlango ule, mshale mmoja kwa kila kilomita tatu. Baadaye ikaongezwa nyingine Marina di Ragusa, huko huko Sicily.

Nilipolielewa hilo ndipo nilipoona kwamba yule mwenzetu wa Kidato cha Tatu alikuwa anauliza swali lisilo lenyewe. Yeye aliuliza nani ana fedha. Italia ina fedha mara nyingi kuliko Malta, na kama ingetaka ingeweza kupanga rada pwani nzima ya Sicily. Lakini isingeupata ule upande wa kusini, maana upande wa kusini ni wa Malta. Kisiwa kile kidogo kilikuwa na kitu ambacho hakinunuliwi, nacho ni mahali pa kusimama. Kwa jambo hili mdogo na mkubwa walikuwa sawa kabisa, kila mmoja jicho moja. Nadhani ndiyo sababu Malta iliweza kushika usukani wa mradi huu na si ule wa mahekalu, ingawa katika ule pia ardhi ilikuwa yao: hapa walikuwa wamekwisha kuwa na wataalamu wao wa bahari wenye swali lao wenyewe kabla fedha hazijatangazwa. Aliyekuja na swali ndiye aliyeongoza.

Nisije nikaonekana nimepigwa upofu na sifa, nitaje kasoro pia. Fedha za mradi zina mwisho, na bahari haina. Antena iliyo pwani huliwa na chumvi, umeme hukatika, fundi hudai ujira, na mradi ukimalizika hakuna anayetangaza shindano la kulipa fundi. CALYPSO uliponusurika ni kwa kufuatiwa na miradi mingine, kwanza wa nyongeza, kisha ule uitwao CALYPSO South. Kwa maoni yangu rada za namna hii zingestahili kulipiwa kila mwaka na serikali kama zinavyolipiwa taa za bandarini, maana hakuna anayesema mnara wa taa ni mradi wa miaka mitatu.

Kasoro nyingine si ya rada. Nchi ya Malta imekabidhiwa kuratibu uokoaji katika eneo la bahari la kilomita za mraba 250,000 hivi, ambalo ni zaidi ya robo ya Tanzania nzima. Katika Mediterania ya Kati, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji limehesabu zaidi ya watu 20,000 waliokufa au kupotea tangu mwaka 2014, wengi wao wakiwa vijana kutoka Afrika waliopanda mashua mbovu. Ramani ya mkondo yaweza kueleza mashua isiyo na injini itakuwa wapi saa tisa usiku. Haiwezi kumwamuru mtu atoe meli bandarini. Hilo ni jambo la serikali za Ulaya, na magazeti yake yamelibishania miaka mingi.

Ule mradi wa CALYPSO South ulikusudiwa kupeleka upimaji huu upande wa magharibi wa mlango na upande wa kusini wa visiwa. Na kusini ndiko mashua zinakotoka. Mitambo iliyo Malta na Gozo yaweza kutazama huko, lakini kila inapotazama mbali zaidi, pembe kati ya macho huzidi kuwa nyembamba na mishale huzidi kuwa ya wasiwasi. Upande wa kaskazini shida hiyo ilitatuliwa kwa kuvuka kilomita 90 na kuomba mahali pa antena Sicily. Upande wa kusini ng'ambo ya pili ni Libya, zaidi ya kilomita 300, mbali kuliko rada hizi zinavyoweza kufika.